Kwangu Kukavu, Muulize Jirani

Esperansi, piga kwa mashini kile nasema. Usinitengeneze. Nikisema maji inaingia, wewe piga inaingia, sababu maji ile ilipoingia mimi nilikuwa ndani yake, na wewe ulikuwa bado unakula udongo ya uwanja kwa mama yako.

Amecheka. Mutaona hapo herufi moja imeruka.

Haya, vijana wa biro, ofisi yetu ya kupima ardhi. Mumeniomba niwaachie maneno sasa nimerudisha jaloni. Tuko hapa Gitega, mtaa wetu wa Kigali, kwa Zaina, jirani yangu, sababu yeye ndiye ana meza inaweza kubeba mashini ya Esperansi. Zaina anashona pale mlangoni na anajifanya hasikii. Anasikia. Cherehani yake inanyamaza kila mara nikitaja jina yake.

Umesikia? Imenyamaza.

Kwa wale wapya: jaloni ni ile fimbo ya nyekundu na nyeupe. Mpimaji anasimama mbali na darubini yake, anafunga jicho moja, anaangalia fimbo. Fimbo haijisimamishi. Kuna mtu ameishika, na mtu yule nilikuwa mimi, tangu uhuru ingali changa mpaka mwezi uliopita. Vyeo sitasema, sababu sikupata. Mshahara pia sitasema, Zaina atacheka atoboe kidole. Kusoma sijui. Barua mimi naijua kwa uso wa mtu anayeisoma. Lakini mdomo Mungu alinipa, na sauti za watu zinaniingia kama moshi kwenye nguo. Nikikusikia mara moja, kesho nakurudisha kwako mzima, na kikohozi chako.

Zamani zile Kigali ilikuwa ndogo. Ukipiga chafya pale sokoni, mtu wa Biryogo anakujibu afya. Kagugu ilikuwa maharage na mtama, Masoro ilikuwa ng'ombe, na mtu akisema anahamia huko tulimpa pole. Mimi nilikuwa na birika yangu na mandazi mbele ya mlango wa biro, nauza kwa wapimaji. Asubuhi moja mshika fimbo akaamka na malaria. Wapimaji wako tayari, darubini iko tayari, mtu hakuna. Mkubwa wao wa mnyororo wa kupimia alikuwa Mzee Rajabu. Babu zake walikuja na misafara ya vitambaa kutoka pwani, wakaona kilima nzuri, wakakaa. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa choo usiku wa baridi. Mimi siku hiyo nilikuwa naigiza wateja wangu mmoja mmoja, yeye amesimama nyuma yangu na kikombe, anasikiliza.

"Weee, mwanangu," akasema, "unaweza kusimama bila kuongea?"

"Siwezi, Mzee."

"Basi utasimama ukiongea. Lakini fimbo isiongee."

Nikaacha birika kwa dada yangu. Sikurudi kuichukua mpaka leo.

Siku ya kwanza nilishika jaloni kama nimemkamata mwizi wa kuku. Mikono miwili, meno nimeuma. Mpimaji kule mbali anapiga kelele, "Kushoto! Kulia! Kushoto!" Mzee Rajabu akaja polepole, akanitoa vidole moja moja. Akaniachia vitatu: gumba, cha shahada, cha kati. "Usiibane," akasema. "Fimbo inajua kusimama. Ni wewe unaiangusha. Ishike kama unamshika mgonjwa anapojaribu kutembea: awe na wewe, asikuegemee." Nikaiacha ining'inie kwenye vidole vitatu, na kweli, ikatulia yenyewe, ikanyooka kama mtu anasali. Kule mbali mpimaji akainua mkono. Nimefanya kazi miaka yote hiyo, na hakuna kitu imenipa raha kama mkono ile ukiinuka.

Kitu cha pili Mzee alinifundisha ni hodi. Ninyi siku hizi munaingia uwanja wa mtu na mita mkononi kama munatafuta maiti. Mzee hakuingia. Anasimama nje, anapiga hodi, anangoja, anapiga tena. Anauliza wazazi, anauliza watoto, anauliza ndizi. Anaomba maji ya kunywa. Maji ile anaikunywa yote hata kama ina rangi. Halafu ndio anasema, "Mama, tuna kamba hapa, ingetaka kupita nyuma ya jikoni yako kama inaruhusiwa." Kamba ndiyo inataka kupita, yeye hayumo! Hakuna nyumba ilimfukuza. Alipokufa, Mungu amrehemu, watu wa mitaa waliokuja kumzika walikuwa wengi kuliko ndugu zake, na wengi walimjua kama "yule wa kamba".

Sasa nakuja kwenye kazi ile muliniuliza, ile ya Gitega.

Mji ilikuwa imeanza kujaa. Hapa kwetu nyumba zilikuwa za rukarakara, matofali ya udongo na nyasi yanayokaushwa na jua, moja imeegemea nyingine kama walevi wanarudi nyumbani. Ikatoka habari kwamba kanuni ya mtaa itabadilishwa. Sehemu ya juu ya mteremko, karibu na barabara, wataruhusu etaji: nyumba juu ya nyumba, saruji, mabati makubwa. Watu watabanana zaidi, lakini watakaa. Si jambo baya, sikatai. Watoto wetu walikuwa wanataka pa kulala. Lakini kwanza, wakasema, ifanywe etidi. Yaani biro iende iangalie: ukiongeza watu na saruji hapo, maji ya mvua itakwenda wapi? Vyoo vitachimbwa wapi? Moshi ya majiko? Miti gani itakufa? Halafu kutakuwa mkutano wa mtaa, na karatasi itapelekwa juu, serikalini.

Etidi ile akapewa Injenyeri Bonifasi. Ninyi mumemjua akiwa mkubwa, munamwogopa. Zamani alikuwa kijana mwembamba kama jaloni yangu, mtoto wa kaskazini, heshima mingi, na Kiswahili chake alikiokota njiani. "Mama Mwaju," ananiambia, "tutakwenda kusarimia watu. Habali ya nyumba, habali ya maji, pore pore." Mimi nikamwambia, mwanangu, pole pole tutakwenda, lakini kusalimia uniachie mimi.

Kazi yangu ikawa mbili. Asubuhi nashika fimbo, tunapima mteremko. Tunachimba shimo ndogo, tunamwaga maji, tunakaa tunaangalia udongo inakunywa vipi. Kule juu ilikunywa kama ng'ombe. Huku chini ilikunywa kama bibi harusi mbele ya wakwe. Mchana tunaingia nyumba kwa nyumba, nauliza kwa Kiswahili na Kinyarwanda. Na jioni, biro, Injenyeri alitaka nimrudishie majibu kwa sauti zenyewe. Alisema karatasi inabeba neno lakini haibebi vile mtu alilisema. Basi nikawa nasimama katikati ya biro nawafanya watu kwa sauti zao: bibi mwenye meno mawili, fundi viatu mwenye kigugumizi, mzee anayejibu kabla hujauliza. Mudaktilo wa zamani, mpiga mashini wa kabla ya Esperansi, alikuwa analia kwa kicheko mpaka karatasi inalowa.

Lakini majibu yenyewe, ndugu zangu! Yote ilikuwa moja.

"Amakuru, mama?"

"Ni meza." Kinyarwanda hiyo: habari ni njema.

"Mvua ya itumba, masika hii kubwa, ikinyesha, maji haiingii ndani?"

"Hapana. Kukavu."

Nyumba ya pili, kukavu. Ya kumi, kukavu. Chini kabisa ya bonde, mahali hata chura anavaa kofia, kukavu! Na munajua sababu. Mgeni amekuja kwako. Umempangusia kiti, umetuma Fanta dukani. Utachukua mafuriko uyaweke mbele yake kwenye sahani? Kwetu mgeni anapewa kiti, hapewi shida. Mtu nyumba yake inaungua, ukimuuliza habari anakwambia ni meza, halafu ndio anakuomba ndoo.

Injenyeri akanigeukia njiani. "Na wewe Mama Mwaju, unakaa hapa hapa. Kwako je?"

Nikanyoosha shingo. "Kwangu? Ni meza."

Na itumba ile iliyopita kandambili yangu ilitoka chumbani ikaenda kutembelea jikoni!

Tukafika kwa Zaina. Nyumba yake ndiyo ya mwisho chini, hii tumekaa ndani yake sasa. Marehemu mume wake Yusufu aliijenga mwenyewe. Yusufu alikuwa fundi cherehani kama yeye, si mwashi. Alipokuwa anapanga matofali watu walisimama njiani kumcheka, "Yusufu, hiyo ni nyumba ama ni suruali?" Zaina akatukaribisha. Mkeka mpya. Ukuta wa ndani, kutoka chini mpaka kwenye goti, umepakwa rangi ya buluu mbichi. Mtaa mzima ulikuwa umepaka hivyo. Injenyeri akafurahi, "Hapa watu wanapenda sana langi ya chini!" Na cherehani ya Zaina ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, imekaa kama sultani.

"Kwa nini umeiinua, mama?" Injenyeri akauliza.

"Mgongo yangu," Zaina akasema. "Nashona nikiwa nimesimama. Daktari alisema."

"Na maji?"

"Maji gani? Kwangu kukavu." Halafu, kwa huruma kabisa, akashika shavu: "Lakini maskini Mama Asha, hapo pembeni. Yule anaogelea."

Tukatoka, tukaingia kwa Mama Asha. Mama Asha akatupa kiti, akatupa Fanta. "Mimi? Alhamdulillahi, kukavu. Ni Zaina, maskini ya Mungu! Mjane wa watu anashona ndani ya ziwa."

Injenyeri akasimama njiani. Akaniangalia. Akashika jaloni kwa mikono miwili, akacheka mpaka akakaa chini kwenye jiwe. "Mama yangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imelainika, "mama yangu kule nyumbani aliumwa homa, anatetemeka kitandani, tukamuuliza, akasema anayeumwa ni jirani. Tulipojua kwamba ni yeye, ilikuwa tumempeleka jirani hospitali."

Akainuka, akajipangusa vumbi. "Tunaanza upya, Mama Mwaju. Nyumba zote. Lakini hatuulizi mtu habali yake."

Hiyo ndiyo njia ya kazi nawaachia, vijana, na haikutoka kwangu, ilitoka kwa yule mama mwenye homa. Tulirudi kila mlango. Tunasalimia, tunakunywa maji, tunauliza: na jirani wa kushoto? Na wa kulia? Eh! Midomo ikafunguka kama gunia limekatwa kamba. Tukajua maji ya nani inapita wapi, choo ya nani inafurika kwa nani, moshi ya nani inalala kwenye kitanda ya nani. Lazima uulize pande mbili. Kuna mzee mmoja alizamisha jirani wake kwa mdomo mpaka paa, kumbe waligombana juu ya jogoo. Lakini kushoto na kulia wakisema kitu kimoja, andika.

Na picha ikatoka. Maji yote ya juu ilikuwa inashuka kwa Zaina. Injenyeri alinionyesha kwa kidole kwenye karatasi, mstari mingi kama mishipa ya mkono, na mwisho wa mishipa yote, kidoti. "Wakijenga saruji kule juu bila kutengeneza njia ya maji," akasema, "itumba moja tu, Mama Mwaju. Hii nyumba haitamaliza itumba moja."

Na kwa nini iingie sasa wakati Yusufu aliishi humo miaka mingi kavu? Hata hiyo tuliipata kwa majirani. Zamani kule juu ilikuwa migomba. Migomba inakunywa. Ikakatwa, watu wakajenga, mabati ikaja, na bati haikunywi, inatema.

Sasa shida. Injenyeri alipompelekea karatasi konseye, diwani wa mtaa, konseye akasoma, akakohoa. Konseye huyo alikuwa mtu mzuri lakini anaongea kama anabandika matangazo. "Nimeona. Nimesoma. Nimefahamu. Lakini Bwana Injenyeri, hii ni maneno ya jirani. Jirani si mwenye nyumba. Mwenye nyumba asimame mkutanoni aseme kwa mdomo yake: maji inaingia kwangu. Bila hivyo, watasema juu kwamba tumeandika umbea."

Na si uongo, ilikuwa umbea. Lakini umbea wa kweli.

Nikaenda kwa Zaina siku ya kabla ya mkutano, mchana, bila Injenyeri, bila fimbo. Nikakaa hapa hapa chini. Nikamwambia yote: migomba, mabati, mishipa kwenye karatasi. Nikamwambia, dada, usiposimama kesho, nyumba hii imekwenda.

Akaendelea kushona. Amesimama, cherehani juu ya matofali, uzi inakimbia.

"Kwangu kukavu," akasema.

"Zaina. Mimi ni Mwaju. Nilikusaidia kuchota maji humu ndani."

Akakata uzi kwa meno. "Walimcheka, Mwaju. Ulikuwepo. Kila tofali walimcheka. Akaingia ndani akaniambia, Zaina, wacha wacheke, sisi tutalala pakavu. Ndiyo neno alisema. Sasa mimi nisimame mbele ya wale wale niseme nyumba ya Yusufu inaingia maji? Bora inizike."

Mimi, wa mdomo, nikabaki kuokota vipande vya uzi sakafuni.

Halafu akasema, bila kuniangalia, "Unaweza kumfanya?"

"Nani?"

"Yeye. Sijawahi kukuomba. Naogopa nimeanza kusahau sauti yake ilivyokuwa inapanda mwishoni."

Watu wote wa Kigali nimewafanya, hai na wafu, lakini Yusufu sikuwahi kumfanya mbele ya mke wake. Nikatoka nje. Nikasimama mlangoni vile alikuwa anasimama, bega moja kwenye mbao, anapiga kofia kwenye goti kutoa vumbi. Na nikasema ile aliyokuwa anasema kila jioni, na sauti inapanda mwishoni kama mtu anapanda ngazi ya mwisho: "Zainaaa! Chai iko, ama nirudi nilikotoka?"

Zaina alifunika uso na kitambaa alichokuwa anashona, suruali ya mtu. Mabega ilitetemeka. Nilifikiri analia, nikaingia nimshike, kumbe anacheka, halafu ikawa vyote viwili, na mimi pia, tukakaa chini tumeshikana kama watoto wamevunja chungu.

Baadaye nikamwambia, "Alijenga vizuri, Zaina. Alijenga chini ya migomba. Migomba hakuikata yeye."

Akatia chai.

Kesho yake tukakutana darasani kwenye shule, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti kwenye kidevu. Konseye mbele, Injenyeri pembeni na karatasi yake imekunjwa, anatoka jasho. "Tumekusanyika. Tumekaa. Tunaanza," konseye akasema. "Nani hapa maji inaingia kwake?"

Mtu anakohoa. Mama Asha anaangalia dari.

"Nauliza tena. Nauliza vizuri. Nani?"

"Ni meza," mtu akasema nyuma, na wengine wakaitikia kama amina.

Konseye akaanza kukunja karatasi. Nilimwangalia Injenyeri, na alikuwa na uso wa mtu anayemwona mama yake anatetemeka na anaambiwa ni jirani.

Hapo Zaina akainuka. Hakusimama kama Zaina. Aliweka mkono mmoja kiunoni, kichwa akakilaza upande, mkono mwingine akaunyoosha mbele, vidole vitatu, kama ameshika fimbo. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu.

"Haya ninyi!" akasema. "Mimi ni Mwajuma, mshika jaloni, mdomo wa biro. Nimekuja kuwasema!"

Darasa likapasuka. Watu walipiga madawati. Hata mimi nilisikia nywele inasimama: kumbe naongea vile? Kama bata amemeza filimbi?

"Mimi jirani yangu ni Zaina," akaendelea, na kicheko ikaanza kupungua. "Zaina ni muongo. Anasema ni mgongo. Mgongo gani? Cherehani yake iko juu ya matofali sababu itumba maji inafika hapa." Akagusa paja. "Rangi ya buluu anapaka kila mwaka kuficha mstari. Anachota na sufuria ya wali. Nimemwona, mimi Mwaju, nimechota naye. Na nyumba ile imejengwa vizuri. Yusufu alijenga pakavu. Maji haikuwa yake, ilikuwa ya migomba ya huko juu, na migomba ninyi mulikata, na sasa munataka kuweka saruji. Wekeni. Lakini muitafutie maji njia yake kwanza, isiifanye nyumba ya marehemu kuwa barabara."

Zaina akashusha mkono. Akakaa. Na kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, ya heshima, akamwambia konseye, "Ni Mwaju ndiye amesema. Mimi kwangu kukavu."

Konseye hakukohoa. Alichukua kalamu.

Halafu Mama Asha akasimama, akajitengeneza kitenge. "Na mimi," akasema, "mimi ni jirani wa Mama Asha. Yule mama anateseka sana." Fundi viatu akasimama, "Mi-mimi ni ji-jirani wa fundi viatu." Wakasimama mmoja baada ya mwingine, kila mtu jirani wa nafsi yake, na Injenyeri Bonifasi aligeukia ukuta, kitambaa kwenye macho. Nilisimama pia. Nikasema mimi ni jirani wa Mwajuma, na kandambili yake ina pasipoti.

Karatasi ikaenda juu na majina ya wenye nyumba. Si kila kitu tulipata. Mivumu miwili, miti ile ya kivuli, ilikatwa, moshi bado tunaila, na etaji ya kwanza ilipanda ikafungia watu jua ya asubuhi. Lakini ikaandikwa kwamba hakuna saruji kule juu mpaka ruhurura ichimbwe, mfereji mkubwa wa mawe, ishuke pembeni ya mtaa mpaka bondeni. Ikachimbwa kweli, na umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na mafundi. Mimi nilishika jaloni kila pembe ya mfereji ile. Vidole vitatu.

Itumba iliyofuata mvua ilikuja kama imetumwa. Nikakimbia kwa Zaina na ndoo, kwa mazoea. Nikamkuta mlangoni, anaangalia maji inapita kule pembeni kwenye mawe, inanguruma, imekasirika haikualikwa. Sakafu yake ilikuwa na vumbi. Aliniambia nishike upande mmoja wa cherehani, yeye akashika upande mwingine, tukaishusha kutoka kwenye matofali, tukaiweka chini. Akakaa kwenye kiti, akaanza kushona. Mgongo ukapona siku hiyo.

Basi ndiyo hiyo. Jaloni mumeshampa msichana mwingine, nimemwona, anaibana kama mwizi wa kuku. Mumwambie vidole vitatu. Mumwambie hodi. Na akiuliza mtu habari, aulize na jirani.

Wiki jana Injenyeri Bonifasi alikuja kunisalimu, mvi tele, Kiswahili chake bado kinachechemea. "Mama Mwaju, wewe huikumbuki kazi? Hutukumbuki?" Nikamwambia hapana, mwanangu. Nimepumzika. Goti ni zima, nalala vizuri, kazi nimeisahau. Kwangu ni meza.

Sasa Esperansi naye anauliza hivyo hivyo. Nimemjibu. Lakini amegeuza kiti, anamwangalia Zaina. Mtoto huyu amejifunza lini?

Cherehani imenyamaza.

"Huyu?" Zaina anasema. "Maskini ya Mungu. Kila asubuhi nafungua dirisha namwona. Anasimama mlangoni kwake, mkono ameunyoosha, vidole vitatu, ameshika hewa. Anaangalia kule mbali, anangoja mtu ainue mkono. Mimi nainua."

Esperansi, hiyo usipige.